Chai ya viungo bila majani ya chai

Dada, umeuliza unywe nini jioni chenye ladha ya chai ya viungo lakini kisikukoseshe usingizi. Tumia mchaichai, hauna kafeini kabisa. Kwa vikombe 4, ponda tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, iliki 5, kipande cha mdalasini na karafuu 2 tu (zikizidi, utadhani unakunywa dawa ya jino!). Chemsha kwa moto mdogo dakika 10. Mchaichai utie mwisho: majani manne yafunge fundo, tumbukiza, epua, funika dakika 5. Ukiuchemsha sana, harufu yote inaishia kwa jirani. Maziwa mimi sitii, ingawa nyumbani wananibishia kila siku.