Unururifu bandia, au wa kutengenezwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kisauni. Kwenye maelezo ya darasani kuhusu unururifu, yaani hali ya viini vya atomu kutoa mnururisho vyenyewe, niliandika: "Mwaka 1934 Irène Joliot-Curie na mumewe Frédéric waligundua unururifu bandia kwa kuipiga alumini kwa chembe zilizoharakishwa." Mwenzangu ameipinga "bandia", asema ni neno la vitu vya uongo. Je, ni kweli?

JAWABU: Mwalimu, mwenzako ana hoja, ila hajalimaliza neno. Bandia ni mwanasesere pia, na anayetembelea mguu wa bandia hamlaghai mtu: mguu umetengenezwa na kazi unafanya. Hata hivyo, siku hizi tukisikia noti bandia, dawa bandia, cheti bandia, fikira inakwenda kwenye udanganyifu moja kwa moja. Mwanafunzi asije akadhani kwamba mnururisho wenyewe si wa kweli. Ni wa kweli kabisa, unaunguza na unapimika. Mimi ningeandika "unururifu wa kutengenezwa".

Lakini sentensi yako ina jambo jingine lililonishughulisha zaidi. Chembe za alfa (viini vya heliamu) walizotumia wale wawili kule Paris hazikuharakishwa na mashine yoyote. Zilitoka kwenye poloniamu, elementi iliyo nururifu kwa asili, zikiwa na kasi yake. Walipoiondoa poloniamu, kipande cha alumini kiliendelea kutoa pozitroni, yaani chembe kama elektroni ila zenye chaji chanya, zikipungua kwa nusu kila dakika 2 na nusu hivi. Kiini cha alumini kilikuwa kimemeza chembe ya alfa, kikatema neutroni, kikageuka fosforasi-30. Wakaiyeyusha alumini kwa asidi, na unururifu ukatoka pamoja na gesi iliyobeba fosforasi, alumini ikabaki nyuma. Kwa hiyo usiandike kamwe "alumini nururifu" hapo. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1935.

"Zilizoharakishwa" ni neno zuri, nawe lihifadhi kwa siklotroni, mashine ya kuzitia chembe kasi, ya Ernest Lawrence kule Berkeley, Marekani. Huko deuteroni (viini vya hidrojeni nzito) zilitiwa kasi, zikapigwa kwenye sodiamu, ikapatikana sodiamu-24 ambayo nusumaisha yake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni saa 15. Hapo sifa ya unururifu inabaki kwa sodiamu, maana kiini kimeongeza neutroni tu bila kubadili jina.

Ubaoni andika hivi: "Mwaka 1934 Irène na Frédéric Joliot-Curie walitengeneza fosforasi nururifu kwa kuipiga alumini kwa chembe za alfa."