Wanunuzi wananiambia betri imekufa, niwajibuje?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina baiskeli ya umeme nimeitumia miezi minane tu, kwenye skrini inasoma kilomita 640. Nimehamia karibu na kazini siku hizi natembea kwa miguu, baiskeli imekaa ndani inajaza nafasi, ndo nikaamua niiuze. Sasa kila anayekuja anaizunguka dakika mbili afu anasema hizi zikishatumika betri inakuwa imeshakufa, anataja nusu ya nusu ya bei niliyosema. Mi najua betri yangu iko fiti, imeandikwa 36V 13Ah na nikiijaza inanipeleka kilomita 40 hivi, ila sijui nimthibitishieje mtu. Kuna mwingine yuko mbali anataka nimtumie, na mwingine anataka betri peke yake. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao watu usiwachukie, woga wao una msingi. Cheni iliyolegea mtu anaiona, tairi iliyoisha anaiona, breki anaibonyeza anajua. Betri haimwonyeshi kitu, inaweza kung'aa nje kumbe seli za ndani zimechoka, na mara nyingi ndo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye baiskeli ya umeme. Mnunuzi asipopata cha kushika anajikinga kwa kushusha bei, hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Lakini we cha kumshikisha unacho, umeniandikia mwenyewe bila kujua. Chukua kilomita 640 ugawanye kwa 40, unapata 16. Yaani tangu uinunue betri yako imefanya kazi ya kama chaji kamili 16 tu, maana hata ukiwa unachomeka kila jioni, chaji mbili za nusu nusu zinahesabika kama moja kamili. Sasa betri za lithiamu za baiskeli kwa kawaida zinatengenezwa zihimili chaji kamili 500 au zaidi kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 hivi. 16 kwenye 500, mwanangu! Hiyo hesabu iandike kwenye tangazo lako juu kabisa, na picha ya skrini inayoonyesha kilomita iwe ya kwanza, kabla hata ya ile picha nzuri ya baiskeli nzima.

Afu kuna hesabu ya pili ya kuhakiki hizo kilomita 40, asije mtu akasema umezitunga. Volti 36 mara ampea-saa 13 (hizo ndo V na Ah zilizoandikwa kwenye betri) ni wati-saa 468, yaani umeme wote betri inaoweza kubeba ikijaa. Baiskeli inayokusaidia kukanyaga mara nyingi inakula kama wati-saa 10 mpaka 15 kwa kilomita, inategemea milima, upepo, uzito wako na msaada umeuweka levo gani. Kwa hiyo betri nzima ya saizi hiyo inatakiwa ikupeleke kati ya kilomita 31 na 46, na 40 yako iko humo humo ndani. Ingekuwa unapata 18 kwenye barabara tambarare ningekwambia ukweli, hapo betri ina shida na bei lazima ishuke.

Bado kuna kitu kimoja ambacho hizo namba hazikisemi, nacho ni umri. Betri inazeeka hata ikiwa imekaa, na inazeeka haraka ikikaa imejaa pomoni sehemu yenye joto. Mwambie mnunuzi ulikuwa unaiweka wapi, na kwa sasa wakati unasubiri mteja usiiache imejaa wala imeisha, iache kwenye nusu hivi, ndani, mbali na jua. Siku mtu anakuja ndo uijaze, maana anayekuja kwa dhati atataka kuiendesha na we mwache aiendeshe, tena apande mlima, kwenye mlima ndo betri mbovu inajitaja, chaji inaporomoka ghafla au mota inakata. Ila kabla hajapanda akuachie kitu cha thamani yake, na mkutane sehemu yenye watu, usiwe peke yako.

Vitu vya kumkabidhi: chaja ile ile iliyokuja nayo, funguo zote mbili za betri, risiti, na namba ya fremu ambayo mara nyingi imegongwa chini pale pedeli zinapozungukia. Risiti watu wanaidharau ila mnunuzi mwenye akili anaiuliza mapema, anataka kujua si ya wizi. Kama uliiunganisha na programu ya simu, itoe kwenye akaunti yako mbele yake, maana baadhi ya mota mwenye akaunti anaweza kuzifunga akiwa mbali na mnunuzi akija kugundua baadaye mtagombana. Na kama uliwahi kuichokonoa ikimbie kuliko ilivyotengenezwa, sema. Nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano, mota ikizidi wati 250 au ikiendelea kusaidia baada ya kilomita 25 kwa saa, kisheria hiyo siyo baiskeli tena. Pesa ihesabu au iione imeingia kwenye akaunti yako mwenyewe, meseji anayokuonyesha kwenye simu yake usiikubali.

Yule wa mbali mwambie aje au amtume mtu anayemwamini. Betri ya lithiamu inahesabiwa ni mzigo hatari kwenye usafirishaji, kwenye ndege ya abiria betri inayozidi wati-saa 160 haipandi na yako ni karibu mara tatu ya hiyo. Msafirishaji ukimficha ukaandika nguo, moto ukitokea kuna watu mle. Anayetaka betri peke yake mkatalie. Baiskeli bila betri utahangaika nayo sana kumpata wa kuichukua, na betri ikifungwa kwenye baiskeli isiyoendana nayo au ikachajiwa na chaja ya volti nyingine ni hatari kweli. Betri yako ikijaa inafika volti 42, ya volti 48 inafika 54.6, mtu akizichanganya hizo chaja anacheza na moto.

SWALI: Mjomba, baiskeli yangu ya umeme imelala mwaka mzima bila kuchajiwa. Nikichomeka chaja taa inabaki kijani na betri haiwaki. Fundi mmoja amesema anaifungua anaishtua kidogo inaamka, niuze fasta. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Ikikaa imeisha muda mrefu volti za seli zinashuka sana, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuilazimisha kupokea chaji inaweza kufanya shoti ndani. Inaweza kuonekana imepona wiki mbili afu ikawaka moto usiku mtu amelala. Ile chaja kubaki kijani huenda ni ulinzi wa betri umekata, umefanya kazi yake. Ipeleke sehemu wanayopokea betri chakavu, usiitupe kwenye takataka, na baiskeli iuze ukisema wazi kwamba haina betri. Bei utakayopata ni ndogo, najua inauma.