Kurekodi kwa amri: kagua kabla mzee hajaanza kusimulia

Ukienda Siaya au Kakamega kumrekodi mzee akisimulia, mara nyingi nafasi ni moja. Hadithi ikirudiwa wiki ijayo haitakuwa ileile. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kurekodi, na laptopu ya Linux yenye arecord, programu ya kurekodi kwa amri iliyomo katika kifurushi cha alsa-utils, inatosha kabisa.

Mgeni huandika hivi tu:

arecord hadithi.wav

Kompyuta inatii bila kulalamika, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Usipoiagiza vingine, arecord huchukua sampuli (vipimo vya sauti) 8000 kwa sekunde, kila moja biti 8. Kwa kipimo hicho, masafa yote yanayozidi hezi 4000 hupotea, na huko juu ndiko s, f na th zinakotofautiana. Kwa anayetaka kuandika Kidholuo kutoka kwenye rekodi, ambamo t na th hubadilisha maana ya neno, faili kama hiyo ni mzigo. Hakuna programu itakayorudisha kisichorekodiwa.

Anza na arecord -l, uone kadi za sauti zilizopo. Maiki ya USB huenda ikaonekana kama card 1, jina Device. Tumia jina, si namba, kwa sababu namba zinaweza kubadilishana ukizima na kuwasha, ukajikuta unarekodi kwa maiki ya ndani ya laptopu, iliyo karibu na feni. Kisha jaribu sekunde 20:

arecord -D plughw:CARD=Device,DEV=0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 -V mono -d 20 jaribio.wav

Hizo ni biti 16, sampuli 48000, chaneli moja. Sauti ya mtu mmoja kwa maiki moja haihitaji stereo. -V mono hukuonyesha kipimo cha sauti kikipanda na kushuka. Usiandike hw badala ya plughw: maiki isiyokubali chaneli moja itakukatalia kwa ujumbe wa Channels count non available, lakini plughw hubadilisha yenyewe. Ukiona Device or resource busy, kuna programu nyingine iliyoshika maiki, mara nyingi kivinjari. Ifunge.

Sasa kiwango cha sauti, na hapa usiwe na haraka. Fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, F4 uone upande wa kurekodi. Ukiona mstari wa Mic Boost, uache chini kabisa. Huo huongeza mvumo pamoja na maneno. Mwombe mzee aseme kwa nguvu, au aimbe kidogo, maana hadithi ikifika kwenye wimbo sauti hupanda ghafla. Rekodi jaribio hapo, si anapojitaja jina kwa upole. Kisha:

sox jaribio.wav -n stat

Sox, programu ya kuchunguza na kubadilisha faili za sauti, itatoa orodha ya namba: tazama Maximum amplitude na Minimum amplitude. Kilele kati ya 0.25 na 0.5 ni kizuri, upande wa chanya na wa hasi. Kikigota kwenye 1 au -1, sauti imepasuka: vilele vya mawimbi vimekatwa vikawa bapa. Punguza, rudia. Sauti ndogo kidogo unaweza kuikuza baadaye, lakini iliyopasuka haishoneki.

Sikiliza jaribio kwa vipokea sauti vya masikioni, si kwa spika. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa hezi 50. Chomoa chaja, utumie betri, na mara nyingi utanyamaza. Kuhusu mvua hakuna amri ya kusaidia: Kisumu na kandokando ya ziwa radi hupenda alasiri, na mvua juu ya mabati humeza kila neno. Panga kurekodi asubuhi. Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige.

Kwa vipimo hivi kila sekunde inakula baiti 96,000, yaani takriban megabaiti 5.8 kwa dakika, au 346 kwa saa. Hakikisha nafasi kwa df -h. Rekodi kwenye diski ya ndani, si moja kwa moja kwenye flashi. Flashi ikichelewa kuandika, terminali (dirisha unaloandikia amri) hutoa neno overrun, na kila likitokea kuna kipande cha sauti kilichopotea. Masikio huenda yasiligundue pengo hilo, ila neno litaruka. Likiendelea, ongeza --buffer-time=1000000, ambayo ni sekunde moja ya akiba.

Ukiwa tayari kurekodi kikamilifu, ondoa -d 20 na umalize kwa Ctrl+C. Urefu wa faili huandikwa kwenye kichwa chake, yaani mwanzo wa faili, pale tu unapomaliza kurekodi, kwa hiyo stima ikipotea na betri imekufa, programu nyingi zitasoma urefu wa uongo. Usiifute. Jaribu kwanza:

sox --ignore-length mbovu.wav nzima.wav

Sauti iliyokwisha kufika kwenye diski mara nyingi hupatikana. Ya kutuma kwa bando ndogo, itengenezee kwa programu ya ffmpeg nakala ya Opus, muundo wa sauti uliobanwa, ya kilobiti 32 kwa sekunde, kama megabaiti 14 kwa saa:

ffmpeg -i nzima.wav -c:a libopus -b:a 32k nzima.opus

WAV yenyewe ibaki, katika sehemu mbili.

Na jina la faili: arecord haiulizi. Ukirudia hadithi.wav, ya kwanza imekwenda bila onyo. Mahali pa jina la faili andika $(date +%F-%H%M%S).wav, na kila rekodi itajipa tarehe na saa yake.