Herufi ipo, programu inasema haipo

SWALI: Mwalimu, hujambo? Ninasomea kompyuta katika chuo kimoja hapa Kisumu na tumeanza lugha ya asembli ya prosesa ya 8086. Nimeandika programu ya kutafuta herufi ndani ya majina ya vituo vya matatu. Ninatumia REPNE SCASB (amri ya kupekua herufi moja moja), kisha JCXZ (amri ya kuruka kwingine ikiwa CX, kihesabu cha herufi zilizobaki, ni sifuri) inanipeleka kwenye ujumbe wa "haipo". Nikitafuta u ndani ya Kisumu inaipata, lakini nikichapisha herufi iliyo mahali panapoonyeshwa na DI, rejista inayofuata utafutaji ulipofika, naona m. Nikitafuta o ndani ya Ahero naambiwa haipo, na ninaiona kwa macho yangu! Tatizo ni nini?
Mwanafunzi, Kondele

JIBU: Sijambo, mwanangu. Umefanya vizuri sana kujaribu Ahero. Wengi hujaribu neno moja, likikubali wanaona kazi imekwisha.

Hiyo m ni jambo dogo. SCASB hulinganisha AL, ulimoweka herufi unayoitafuta, na baiti (herufi moja) iliyopo ES:DI, yaani pale DI inapoonyesha, halafu huisogeza DI mbele, iwe imepata au haijapata. Inapoipata u, DI imeshapita na kusimama kwenye m. Irudishe nyuma kwa DEC DI, inayopunguza DI kwa moja. (Nachukulia umeanza na CLD, amri ya kutembea mbele; bila hiyo huna hakika utafutaji unaelekea upande gani.)

Ahero ndiyo iliyonifanya nichague barua yako. REPNE husimama kwa sababu mbili: herufi imepatikana, au CX imefika sifuri. Chukua karatasi uandike: CX inaanza na 5; baada ya A ni 4, baada ya h 3, baada ya e 2, baada ya r 1, baada ya o 0. Katika mzunguko huo wa tano sababu zote mbili zimetimia kwa pamoja. JCXZ haina habari ya kupatikana kwa herufi. Inatazama CX peke yake, inakuta sifuri, inakupeleka kwenye "haipo". Anayejua ukweli ni bendera ya sifuri, ZF, alama ndani ya prosesa ambayo huwaka baiti mbili zikilingana. Na REPNE inapopunguza CX haigusi bendera yoyote, kwa hiyo jibu la SCASB bado liko palepale. Weka JNE, inayoruka ikiwa ZF haijawaka, mahali pa JCXZ, na Ahero itakubali.

Lakini angalia mpangilio, maana hapa ndipo wanafunzi wazuri hupotezea jioni nzima. JNE itangulie, DEC DI ifuate. DEC nayo huandika matokeo yake kwenye ZF. Ukiitanguliza, umefuta jibu kabla hujalisoma, na sasa kila herufi itaonekana haipo, hata ile u ya Kisumu iliyokuwa inakubali.

Ukitafuta k ndogo ndani ya Kisumu pia hutaipata, na hapo programu haina kosa: kwa kompyuta K ni 75 na k ni 107, namba mbili tofauti.

JCXZ yenyewe usiitupe. Ihamishe, ikae kabla ya REPNE SCASB. Jina likiwa tupu, CX inaanza na sifuri, SCASB haifanyi kazi hata mara moja, na ZF inabaki kama ilivyoachwa na amri ya nyuma. Ikiwa iliachwa imewaka, utaambiwa herufi ipo ndani ya jina lisilo na herufi yoyote.