Makadirio ya kura wakati watu bado wako kwenye foleni? Hapana

Ndugu umeuliza kwa nini runinga zetu zisiwe zinaweka makadirio ya nani anaongoza saa kwa saa siku yenyewe ya kura, maadamu teknolojia ipo. Ngoja nikujibu kwa yale niliyoyaona uchaguzi wa urais Kenya 2022, nilikuwa kati ya vijana waliochukuliwa na stesheni moja hapa Nairobi kuingiza fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye kompyuta. IEBC, tume ya uchaguzi, walikuwa wanaziweka kwenye potali yao, vituo 46,229, yeyote anazishusha, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa sana. Shida ni kwamba tulikuwa tunaingiza vile tunavyogawiwa, mimi kaunti hii mwenzangu ile, na nyingine picha imepigwa kiupande, 1 inafanana na 7, unakuza unakuza mpaka macho yanauma. Usiku wa manane skrini yetu inaonyesha huyu anaongoza, stesheni nyingine yule, na wote tumetoa fomu potali ileile! Sisi tulianzia ngome ya huyu, wao ya yule, basi. Mamangu akanipigia kutoka Kakamega, "we si uko hapo ndani, nani anasema ukweli?" nikakosa la kumwambia. Tarehe 15 Agosti ikatangazwa Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti kama kura 233,000 hivi.

Na hizo ni kura zilizokwisha kuhesabiwa, sembuse za watu ambao hata hawajafika kituoni.

Wamarekani walijaribu 2016, kampuni ya VoteCastr pamoja na gazeti la mtandaoni Slate, wanaangalia kina nani wamejitokeza halafu wanapiga hesabu kwa kura za maoni walizofanya kabla. Mchana Clinton akawa mbele Florida, Pennsylvania na Wisconsin, usiku Trump akazibeba zote tatu. Sasa mtu yuko kazini amepanga akitoka apitie kituoni, akiona kwa simu mtu wake ameachwa mbali si ataenda zake nyumbani? Na kura ni yake jamani, haki yake!

Subirini vituo vifungwe saa kumi na moja jioni, na mkiweka asilimia wekeni hapohapo ni fomu ngapi zimeingia na za kaunti gani. Hiyo ndiyo niliiomba usiku ule, mara mbili, nikaambiwa skrini haina nafasi.