Saa ya kompyuta yangu inarudi mwaka 2017 kila asubuhi

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nina duka la steshenari huku Tandika, natoa kopi na kuwajazia vijana fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ni mpakato, niliinunua ya mtumba. Betri yake kubwa ilishakufa, natumia chaji moja kwa moja, na jioni nikifunga duka nazima swichi ya ukutani. Kila nikiwasha asubuhi inasoma 1 Januari 2017 na tovuti zote zinagoma, zinasema muunganisho si salama. Nikirekebisha kwa mkono inakwenda vizuri mpaka jioni, kesho yake yale yale. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya. Ilikaa kwake siku mbili ikawa sawa, kuirudisha dukani ikaanza tena. Wa pili anasema bodi imekufa. Ninunue bodi?

JIBU: Hapana dada yangu, bodi usinunue kwanza. Nimefurahi umeeleza habari ya swichi ya ukutani, maana hapo ndipo penye jibu.

Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo juu ya bodi ambayo haitakiwi kulala hata mashine ikizimwa. Inaendeshwa na kipande kidogo cha kioo kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15 inabaki moja, na hiyo moja ndiyo sekunde yako. Windows ikiwaka huanza kwa kuisoma saa hiyo. Kompyuta ikiwa kwenye chaji, saa hula umeme wa chaji. Chaji ikiondoka, hula wa betri kubwa. Vyote viwili vikikosekana, hubaki na kibetri bapa mfano wa sarafu, ambacho mafundi tunakiita betri ya CMOS.

Sasa tazama usiku wako. Betri kubwa haipo, swichi umezima, kwa hiyo mzigo wote unakiangukia kile kibetri, nacho kimechoka. Saa inakata kabisa, na asubuhi kompyuta inaanza kuhesabu kutoka tarehe aliyoiweka mtengenezaji wake. Ndiyo maana kila siku ni 1 Januari 2017 ileile. Zile siku mbili kwa fundi wa kwanza, nina hakika ilikuwa kwenye umeme muda wote. Kupiga Windows hakukuhusika kwa namna yoyote, na inaniuma kwamba ulilipia.

Na zile tovuti hazina kosa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini tupo 2017 inakiona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, inakikataa. Usikubali mtu akufundishe kubonyeza “endelea hivyo hivyo”, hasa wewe unayejaza taarifa za watu wengine.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio la usiku mmoja. Rekebisha saa, zima kompyuta, lakini iache kwenye chaji na swichi ya ukutani uiache imewashwa. Kama unaogopa kuacha umeme dukani, nenda nayo nyumbani. Asubuhi ukikuta saa iko sawa, basi ni kibetri. Ukikuta imerudi 2017 na umeme haukukatika, hapo ndipo tutaanza kuishuku bodi.

Kibetri chenyewe mara nyingi ni CR2032, na namba inajieleza: 20 ni milimita za upana, 32 ni milimita 3.2 za unene. Lakini usikimbilie Kariakoo kabla kompyuta haijafunguliwa mkaona iliyomo. Nyingine zina kibetri kidogo zaidi. Nyingine zina cha kuchajiwa, kinachoanza na herufi ML, na ukiweka CR mahali pa ML unalazimisha chaji kuingia kwenye betri isiyochajiwa, jambo la hatari. Na zipo ambazo hazina kibetri kabisa, saa yake inategemea betri kubwa. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, dawa ni betri kubwa mpya, hakuna njia ya mkato.

Fundi akifungua, simama naye. Kwanza achomoe chaji na aitoe ile betri kubwa iliyokufa. Kisha akipime kibetri kwa mita mbele yako: kipya kinasoma volti 3 au kupita kidogo, na kikishuka chini ya 2.7 hakiaminiki tena. Kimoja nilichokitoa mwezi uliopita kilisoma 0.4, na mwenye kompyuta alikuwa ameshatafutiwa bodi. Kama kimelala kwenye kikalio chake, kinang’olewa kwa ukucha, kipya kinarudi kwa upande uleule, alama ya kujumlisha ikitazama kama mwanzo. Kama kimevikwa plastiki na kina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, nunua kilicho na nyaya zake tayari. Asichome risasi moja kwa moja juu ya betri, maana joto lile linaweza kuipasua. Na dukani mwambie muuzaji akupimie kabla hujalipa. Betri iliyokaa miaka kabatini ni mpya kwa sura tu.

Kile cha zamani usikiache mezani. Mtoto akikimeza kikakwama kooni kinaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Ukishuku tu kwamba amemeza, ni hospitali papo hapo.

Kibetri kikishawekwa, iweke tarehe na saa kwa mkono kwanza. Watu wengi huruka hatua hii wakidhani intaneti itamaliza. Kwa kawaida Windows ya nyumbani haikubali kusahihishwa na mtandao ikiwa imepotea zaidi ya saa 15, na wewe umepotea kwa miaka. Ukishakaribia wakati wa kweli, fungua Settings, ingia Time & language, kisha Date & time, ubonyeze Sync now. Kwenye majira chagua Nairobi. Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows, lakini majira ni yaleyale ya Afrika Mashariki, saa 3 mbele ya saa ya dunia, na huku kwetu hatusogezi saa kwa misimu. Mtandao wa ofisi ukikataa kusawazisha, tumia data ya simu.

Kwa wengine wenye shida inayofanana na hii, tazameni saa imekosea kwa kiasi gani, maana hilo lenyewe linaonesha chanzo. Ikiwa nyuma kwa saa 10 au 11 kamili, kompyuta imebaki kwenye majira ya magharibi ya Marekani. Saa 3 kamili, na umeweka Windows pamoja na Linux, yaani mifumo miwili kwenye kompyuta moja, basi moja inaandika saa ya hapa kwenye bodi na nyingine inaisoma kama saa ya dunia. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1 na ugomvi utakwisha. Saa 12 kamili, umechanganya AM na PM. Sekunde moja au mbili kwa siku ni kawaida ya kile kioo kinachoendesha saa.

Na saa 6 kamili? Hiyo ni ya kwetu sisi. Mzee mmoja aliniletea kompyuta ambayo, kwa maneno yake, “inajiharibu kila siku”. Nikaifungua: kwenye kioo 3:10 AM, na nje jua limeshapanda. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, naye alikuwa ameiandika kama tunavyoisema. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo pale palitakiwa pawe 9:10. Kila intaneti ilipoisahihisha, yeye aliona imeharibika tena, anairudisha. Tulikaa na karatasi, tukaandika saa za pande mbili, akaondoka nayo mfukoni.

Turudi kwako dada. Bodi itajadiliwa tu ikiwa kibetri kipya kinasoma volti 3 kikiwa mahali pake na saa bado inakata. Hata hapo, mwambie fundi aangalie kwanza vyuma vya kikalio, maana unyevu wa pwani huvifanyia kutu ya kijani na umeme haupiti. Avisugue, arudishe kibetri, kisha uzime swichi ya ukutani usiku kama kawaida yako. Ikiamka tena 1 Januari 2017, niandikie.