Ngozi ya punda: mimi nilipiga hesabu nikiwa nimeshanunua

Mwezi huu watu watatu wa magrupu tofauti ya WhatsApp wamenitumia ujumbe ule ule: Wachina wanatafuta ngozi za punda, bei nzuri, punda hana gharama, tutafute eneo Chanika au Kisarawe tuanze kufuga. Mmoja ameshalipia kiwanja. Ndiyo maana naandika leo, kabla hajalipia na waya wa uzio.

Nianze na sheria, maana wengi wanairuka. Desemba 2021 serikali yetu ilipiga marufuku kuchinja punda kwa biashara ya ngozi, kwa miaka 10. Desemba 2022 ukafanyika mkutano wa Afrika kuhusu punda hapa hapa Dar. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana marufuku hiyo iwe ya bara zima. Anayekwambia "njia ipo" anakuonyesha njia ya magendo, na siku lori likikamatwa yeye hatakuwemo.

Lakini nawajua ndugu zangu. Mtasema sheria hubadilika, ikifika 2031 mimi nitakuwa na kundi zima. Sawa. Tuiweke sheria pembeni, tumtazame punda mwenyewe.

Enzi zile machinjio ya punda yalikuwepo Dodoma na Shinyanga. Shemeji yangu anaishi Chamwino, akanipigia: "Shem, punda wanaisha mnadani, watu wanawabeba kwa malori." Mimi niko Gongo la Mboto, nina mshahara wangu na zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Nikajiona mjanja: wenzangu wanauza, mimi nitazalisha. Tukanunua majike manne na dume moja, shemeji awatunze, mimi nitume hela.

Sikumuuliza mtu punda anabeba mimba muda gani. Ni miezi 12, na wengine husogea hadi 14. Anazaa mtoto mmoja. Pacha ni nadra, na wakitokea mara nyingi ni msiba. Mtoto naye anahitaji kama miaka miwili, mitatu, ndipo awe na ngozi ya kuitwa ngozi. Mwenzako mwenye nguruwe anasubiri miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, anapata watoto nane au zaidi kwa mpigo. Kwangu, mwaka wa kwanza majike wawili tu walishika mimba. Mmoja akaitoa. Mwaka wa pili ukanikuta nina mtoto mmoja, dume, na daftari lenye kurasa nne za matumizi.

Hapo ndipo nikaenda mnada wa Pugu kutafuta akili ambayo ningeitafuta mwanzo. Nikamkuta mzee mmoja, dalali wa ng'ombe wa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Punda? Wewe umewahi kuona zizi la punda mia?"

"Sijawahi."

"Na hao wenye machinjio, wenye mabilioni yao, umesikia wana zizi la kuzalisha?"

Nilipanda daladala la kurudi nikiwa nimenuna, lakini alikuwa ameshamaliza kazi. Ile biashara haikuwa ufugaji hata siku moja. Ilikuwa kuokota. Punda aliyekuzwa miaka na familia ya Mgogo au Msukuma kwa ajili ya maji na mizigo, anachukuliwa siku ambayo mwenyewe ana shida ya ada. Gharama ya kumkuza hakuna aliyeiweka kwenye bei. Mfugaji ukiiweka, pumba za kiangazi, dawa za minyoo, kukata kwato, mlinzi, miaka mitatu ya kusubiri, ngozi moja hailipi. Na kumbuka nusu ya watoto ni majike, hao huwezi kuwauza kama unataka kundi likue.

China kwenyewe ndiko ushahidi ulipo. Ngozi inachemshwa kupata ejiao, dawa yao ya asili inayosifika zaidi kutoka Dong'e, mkoa wa Shandong. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na punda kama milioni 11. Baadaye wakashuka chini ya milioni 3. Wana mtaji, wana wataalamu, wana soko mlangoni, wamejaribu kuwafuga kwa wingi, na bado wakaja kutafuta ngozi kwetu. Majirani zetu Kenya walifungua machinjio kuanzia 2016, na muda si mrefu watu wakawa wanaamka asubuhi wanakuta punda wao amechunwa porini, nyama imeachwa. Serikali yao ikatangaza kusitisha mwaka 2020. Mwizi hahitaji kusubiri miezi 12.

Na hiyo Chanika mnayoitaka! Punda ni mnyama wa nchi kavu. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya wanyama wengine, analoa mpaka kwenye ngozi, na kwato zikikaa kwenye tope zinaoza. Masika ya huku mnayajua. Ongeza mbung'o wa misitu ya Pwani. Hilo la "hana gharama" ni kweli akiwa Dodoma anakula majani makavu ambayo ng'ombe anayasusa, siyo akiwa nyuma ya nyumba yako anasubiri gunia la pumba kutoka dukani.

Kama kiwanja umeshalipia, weka mbuzi au kuku, hata miti ya matunda. Kama unao punda, mpe kazi.

Wangu tuliuza wawili kwa majirani wa shemeji, kwa bei ya punda wa mizigo, hasara nikaimeza. Waliobaki wanachota maji. Shemeji aliwatengenezea mkokoteni, anauza kwa dumu, na mwisho wa mwezi ananitumia fungu langu kwa simu. Mwezi uliopita ilikuwa elfu thelathini na tano. Yule dume mdogo bado hajafungwa mkokoteni. Shemeji anasema miguu yake haijakomaa, tumwache kwanza.